Kopo Nililoshindwa Kumpa Mama Mkwe

Wewe unayejikuna huku ukisoma, usione haya. Mimi nilijikuna kwa zaidi ya miaka miwili. Nilijikuna kwa kitana, kwa gunzi la mahindi, kwa ukingo wa mlango, na siku moja, Mungu anisamehe, kwa uma tuliozawadiwa harusini. Sasa nimepona kiasi cha kuweza kucheka, nami nimeona niandike kabla sijaanza kujisifu. Udaktari siujui. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza kutengeneza redio, basi. Ninachokijua ni benchi za hospitali, na namna mtu mzima mwenye akili zake anavyoweza kujiua polepole kwa ajili ya heshima.

Nyumba yetu ilikuwa Voi, ng'ambo ya reli, vyumba viwili na baraza. Hiyo baraza ndiyo iliyokuwa karakana yangu. Mke wangu, Mshai, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Yeye ndiye aliyetoka asubuhi na kurudi jioni, mimi ndiye niliyebaki na redio za watu na binti yetu mdogo, Wakio. Watu wakimwuliza habari zangu alikuwa akisema, "Yule? Yule ni kabati. Nenda, utamkuta pale pale ulipomwacha." Sikukasirika. Kabati haligongwi na lori la Mombasa pale Miasenyi. Kabati halikutani na ndovu huko Ndara. Nilijua watu kadhaa waliokuwa na miguu mizuri ya kutembea na sasa hawapo.

Safari yangu ndefu kwa siku ilikuwa ya hatua kumi na tano, kutoka barazani hadi bustani ya nyuma. Huko nilipanda sukuma wiki. Choo cha shimo tulichotumia pamoja na majirani kilikuwa juu kidogo ya bustani, na mvua ikinyesha maji yaliteremka yakapita katikati ya matuta yangu. Mboga zilinawiri mpaka majirani wakaniuliza siri. Nilisema ni mkono wangu. Nililima pekupeku, maana nani huvaa viatu nyumbani kwake?

Basi huko ndiko nilikopatia ugonjwa. Mtu asiyekwenda popote, hatua kumi na tano kutoka kitandani.

Ulianza baada ya mvua za vuli. Kwanza vidole vya miguu viliwasha, vikaacha. Baada ya wiki chache nikaamka na mabaka mapana yaliyovimba mapajani, mekundu, ya moto, kama nimechapwa kwa upawa. Adhuhuri yakawa yametoweka. Kesho yake yakahamia mgongoni. Siku nyingine mdomo wa juu ulivimba mpaka wateja wakaniuliza nimepigana na nani. "Na Mshai," nilijibu, wakaniamini haraka kuliko nilivyopenda.

Halafu kulikuwa na mstari. Huu sikuwahi kuusoma mahali, kwa hiyo nautaja waziwazi. Ulikuwa mstari mwembamba mwekundu, ulioinuka kama uzi chini ya ngozi, nao ulitokea matakoni. Nilisimama mbele ya kioo nimejipinda kama mkunga wa baharini, nikauwekea alama ya kalamu mahali ulipoishia. Kufikia saa saba ulikuwa umeivuka ile alama kwa upana wa kiganja.

"Mshai," nilisema jioni, "kuna waya unatembea ndani yangu."

"Umewasha redio gani?"

"Sifanyi mzaha."

Aliangalia, akaacha kucheka. Kesho yake alilitoa kabati lake nje kwa nguvu, akanipeleka hospitali mwenyewe kabla ya kwenda shuleni.

Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili. Benchi ile ilikuwa na mahali palipochimbika kwa makalio ya watu waliosubiri kabla yetu, na kila mtu aliposogea mbele aliingia kwenye shimo la mwenzake. Mshai ilimbidi aondoke. Nilipomfikia daktari alitazama ngozi yangu, akauliza nakula nini, nalima wapi, navaa viatu. Kisha akaandika kikaratasi. "Kapimwe choo. Ukipata majibu urudi."

Nilipewa kikopo, nikaenda nyuma, nikafanya kazi yangu vizuri, nikaja na kikopo kikiwa na joto lake chini ya shati hadi kidirisha cha maabara. Na nyuma ya kidirisha, akiwa na kalamu na gundi ya kubandikia majina, alikaa mama mkwe wangu.

Nilijua anafanya kazi hospitalini. Nilidhani anafagia. Hakuna aliyeniambia kwamba mwezi ule walikuwa wamempandisha, akawa mpokeaji wa makopo.

Kwa msomaji wa mbali nieleze kidogo. Kwetu Utaitani, na wakati ule zaidi kuliko leo, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Mkikutana njiani unampisha, unatazama majani. Huli mbele yake. Jina lake halikutoki mdomoni. Tangu nimwoe binti yake sikuwa nimempa mama yule kitu mkononi hata mara moja. Sukari ya Krismasi niliiweka mezani, nikatoka, ndipo yeye akaichukua. Sasa nifikirie mimi na lile kopo.

"Baba Wakio!" alisema, akainamisha macho. "Kuna shida?"

"Hakuna, mama. Nimepita tu kuwasalimu."

"Kuwasalimu maabara?"

"Ndiyo, mama. Wote."

Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Mtu mmoja alikohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Kopo lilianza kuteleza chini ya shati. Nikalibana kwa kiwiko, nikasema salamu zimefika, nikaondoka nikitembea upande kama kaa. Nililitupa ndani ya choo cha shimo, nikaenda nyumbani.

"Wamesemaje?" Mshai aliuliza jioni.

"Wamepima. Hakuna kitu."

Maneno matatu tu. Nimetengeneza redio nyingi zilizoungua kwa sababu ya waya mmoja uliowekwa mahali pasipo pake, lakini sijaona waya ulioharibu vitu vingi kama maneno yale matatu.

Kwa kuwa "hakuna kitu", ilibidi kitafutwe. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa dawa ya kupaka ya rangi ya waridi. Nilipakwa mwili mzima, nikakaa barazani kama ukuta unaosubiri kukauka. Baadaye vikaja vidonge vidogo vya njano vya kuzuia mwasho, vikanilaza mpaka nikaunga waya za redio ya pasta kinyume, ikawa inanguruma tu. Kisha tukahukumu chakula. Mayai yalinikataa, tukayaacha. Maharagwe yakanikataa. Dagaa, nyanya, maziwa, vyote vikafukuzwa kimoja kimoja. Kiangazi kilipofika nilikuwa nakula ugali kwa chumvi na sukuma wiki, kwa kuwa hizo, nilisema, nazijua zimetoka wapi. Na kila asubuhi niliingia bustanini kuzichuma, pekupeku.

Mshai alipika vyungu viwili, changu na chao. Hakulalamika kwa maneno. Alilalamika kwa vifuniko.

Mwaka wa pili, mahindi yakiwa yanakaushwa, baba mkubwa wangu, mzee Mwadime, alishuka kutoka Mbololo. Ni mzee wa kanisa, lakini wazee wetu hawakuona ugomvi kati ya kanisa na jambo hili. Alinitazama nilivyovimba macho, akasema, "Mtu hawi hivi bure. Kuna mtu wa karibu ana hasira moyoni, pengine hata yeye hajui anayo. Tutase."

Kutasa ni hivi: ndugu hukusanyika, kila mmoja hutia kinywani funda la pombe au maji, husema kama nina hasira na huyu basi itoke, kisha hulinyunyiza nje kwa mdomo. Sisi tulitumia maji ya muwa, kwa ajili ya pasta. Mama yangu alinyunyiza. Mshai alinyunyiza, tena kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Mama mkwe alikuwa amekaa ndani, nyuma ya mlango, kama adabu inavyotaka, ili tusitazamane. Zamu yake ilipofika tulisikia kikombe kikiwekwa sakafuni.

"Mimi ninayo," sauti yake ilisema.

Baba mkubwa akageukia mlango.

"Alikuja kazini kwangu. Aliponiona pale dirishani akakimbia. Nikasema moyoni, mkwe wangu ni mtu aliyesoma, anaona haya kwa kazi yangu. Mwanamke wa kushika uchafu wa watu. Nimeiweka hasira hiyo tangu siku ile. Kama ndiyo inayomla, itoke. Mimi sitaki afe."

Tukasikia maji ya muwa yakinyunyizwa kwenye sakafu ya ndani.

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Watu wote walikuwepo, mlango ulikuwa katikati yetu, nisingeona hata uso wake. Ilikuwa niseme tu: mama, si kazi yako, ni kopo langu. Mdomo wangu wa juu ulikuwa umevimba, hicho ndicho kisingizio changu. Nikanyamaza. Baba mkubwa akamshukuru Mungu, watu wakala. Na ugonjwa, kwa unafiki wake, ukatulia wiki mbili nzima, kila mtu akaamini kwamba mama yule ndiye aliyekuwa ananiumiza. Aliniletea ndizi. Aliziacha mlangoni.

Wiki ya tatu nikaamka nimevimba upya. Mshai aliniangalia tu, kisha akaenda kuoga.

Ndipo nikapanda gari hadi Mwatate kwa daktari mwingine, wa kupita, nisiyetaja jina kwa kuwa hana kosa. Aliuliza, "Ulipimwa choo?"

"Ndiyo, daktari. Hakuna kitu."

Akaniandikia vidonge vyeupe vidogo. Siku 5. Alipiga mstari chini ya tano, akanitazama machoni: "Usizidishe."

Siku ya pili mwasho uliisha. Uliisha kabisa, kama redio iliyozimwa. Nilivaa shati bila kulihisi. Nilikula mayai mawili nikalia. Siku ya tano nilitoa kile cheti, nikakiangalia, nikakumbuka kwamba nimesoma mpaka kidato cha nne. Basi elimu yote ambayo wazazi wangu waliilipia kwa kuuza mbuzi niliitumia kuongeza sifuri moja.

Siku hamsini! Kwenye duka la dawa walisoma kilichoandikwa, wakanipa. Nilinenepa. Mashavu yakajaa mpaka macho yakawa mistari. Watu walinipongeza barabarani, maana nilikuwa hata natembea barabarani. Mshai alicheka, kicheko cha kwanza baada ya miezi mingi: "Kabati limepigwa vanishi!" Siku zile ndizo zilizokuwa nzuri kuliko zote katika ugonjwa wangu, na ndizo zilizokuwa zinaniua.

Masika yalipoanza nilikuwa nakohoa. Kisha tumbo likaanza kukata na kuharisha. Yale mashavu ya kupongezwa yalibaki juu ya mwili uliokuwa unayeyuka. Miguu ilikonda, mikono ikakonda, nikawa kama boga juu ya mti wa ufagio. Kikohozi kilitoa nyuzi za damu. Homa ikapanda. Jirani alinisukuma kwa mkokoteni hadi hospitali, mvua ikininyeshea, Mshai akitembea kando na mwavuli uliomfunika Wakio tu.

Wadini nilitundikiwa dripu. Daktari, yule yule wa kwanza, alisikiliza kifua, akabonyeza tumbo. Akamwuliza Mshai, si mimi: "Majibu ya choo yalisemaje?"

"Hakuna kitu," Mshai alisema. "Miaka miwili iliyopita."

Daktari alikwenda kutafuta kitabu cha maabara. Nilijua hataliona jina langu.

"Mshai," nilisema. "Sikupimwa."

"Unasemaje?"

"Sikulitoa lile kopo. Mama yako ndiye aliyekuwa dirishani."

Alinitazama. Mdomo wake ulianza kama unaotaka kucheka, ukashindwa. "Miaka miwili," alisema. "Nimepika vyungu viwili miaka miwili. Mama yangu amelala akijua hasira yake inaua mtu. Kwa ajili ya kopo!"

"Niliona aibu."

"Sasa je? Sasa huoni?"

Aliondoka. Nilisikia viatu vyake mpaka mwisho wa ujia, na sikuwa na nguvu hata ya kumwita. Hilo ndilo ninalotaka ujue kuhusu ugonjwa kama huu: unafika mahali ambapo hakuna unachoweza kufanya hata kwa makosa yako mwenyewe. Unalala tu nayo.

Aliporudi alikuwa na mama yake. Mama mkwe alisimama karibu na kitanda, amefunga kanga juu ya sare ya kazi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu alinitazama usoni. Sikuwa na majani ya kutazama.

"Mama," nilianza, "siku ile..."

"Nimeambiwa." Alikuwa ameshika beseni la kitandani. "Geuka, mwanangu."

Si Baba Wakio. Mwanangu. Nikageuzwa, maana kugeuka mwenyewe sikuweza. Alifanya yote yaliyohitajika kwa mikono yake, bila haraka, akafunika beseni kwa kitambaa, akalipeleka maabara mwenyewe. Mimi nilitazama ukuta nikilia, na Mshai akanifuta pua kwa ukali.

Mtu wa maabara aliitwa Wekesa, mtu wa magharibi mwa nchi aliyeletwa huku na kazi ya serikali, mcheshi asiyejua saa ya mzaha. Alikuja mwenyewe hadi wadini.

"Bwana," alisema, "wengine huleta mnyoo mmoja wawili. Wewe umeleta mkutano wa hadhara."

"Ni nini?"

"Vijinyoo vyembamba kama uzi. Vinaingia kwa nyayo, kwenye udongo wenye unyevu. Ule mstari uliokuwa unatembea ni vyenyewe vikipita."

Nilimwuliza kwa nini basi nilivimba mwili mzima, kama vyenyewe ni vidogo hivyo. Alikaa ukingoni mwa kitanda. Alisema ndani ya ngozi na utumbo mna chembe zilizojaa kama vifuko vya pilipili. Zikimtambua mnyoo zinapasuka, pilipili inamwagika, mahali pote panavimba, pawe pekundu, paoshwe, mgeni asipate pa kukaa. Aliyekuwa ananiumiza ni mlinzi wangu mwenyewe.

"Na vile vidonge vyeupe?"

"Vile viliwalaza walinzi." Akaacha utani. "Siku tano, wangesinzia wakaamka. Hamsini, wageni wamezaana mpaka mapafuni."

Nikakumbuka baba mkubwa akitafuta hasira ya nani inayonila. Ilikuwepo kweli. Ilikuwa yangu, na ilikuwa upande wangu, nami nikaiwekea vidonge.

Waliniachisha vile vyeupe kwa kuvipunguza kidogo kidogo, wakanipa sindano, na vidonge vikubwa vya kutafuna ambavyo vilifanya dari izunguke na mkojo unuke kitu nisichokijua. Mshai alimwuliza daktari kama nitapona. "Amechelewa sana," alisema. "Tutajaribu." Hakusema zaidi, na nilimheshimu kwa hilo, ingawa ningependa angedanganya. Siku ya pili homa haikushuka. Siku ya tatu sikuweza kumeza uji. Mshai alikaa kando akisahihisha madaftari ya hesabu, na kila alipomaliza moja alinitazama kifua kama anayehesabu nacho.

Wekesa alipita kila mchana. "Unawashwa?"

"Hapana."

"Ukianza kuwashwa uniambie. Nitajua walinzi wameamka."

Kwa hiyo nililala pale nikiungoja mwasho. Mimi, niliyetafuta kwa miaka miwili namna ya kuumaliza, nilipeleka akili mgongoni, mapajani, kwenye nyayo, nikiuita. Siku ya nne, hakuna. Siku ya tano, hakuna.

Kama unasoma hili na kuna kopo unalolikwepa, au dirisha, au mtu aliye nyuma ya dirisha, sitakuhubiria. Nakuambia tu kwamba aibu ya kulitoa ingekuwa ya dakika moja. Na viatu, tafadhali, hata nyumbani kwako.

Siku ya sita, alasiri, mvua ilikuwa inapiga mabati na Mshai alikuwa amekwenda kumchukua Wakio. Mama mkwe alikaa kwenye kiti karibu nami baada ya kazi yake, amenipa mgongo, kwa sababu ingawa aliyaona yote tayari, bado alikuwa mtu wa adabu. Ndipo kati ya mabega yangu kitu kikachoma. Kidogo, kama cheche. Kikatulia. Kikaja tena, kikaenea, moto mtamu wa zamani, baka zima upana wa sahani. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa na dripu. Wa kushoto niliuinua, ukafika kifuani, ukaanguka.

"Mama."

"Nini, mwanangu?"

"Nawashwa."

Aligeuka haraka hata kiti kikalia. Alinitazama mashavu, macho, akaona mimi sifanyi mzaha. Akainua kanga ikafunika mdomo wake, akakaa hivyo muda mfupi, mabega yakitikisika. Kisha akaingiza mkono nyuma ya shati langu, kucha zake fupi za kazini zikagusa mgongo.

"Wapi?"

"Juu kidogo, mama," nilisema. "Juu. Hapo hapo."